Mayai Kwenye Barabara ya Garissa

Siku niliyomtoa mama matembezi Thika ilianza kwa kofi, na kofi lenyewe nililipiga mimi, binti yake.

Tulikuwa stegi ya Ruiru asubuhi, mama amevaa sweta yake ya kanisa na kushika ule mkoba ambao hauachi hata akienda msalani. Makanga wawili walimwona kwa mbali. Anayezijua stegi zetu anaijua kazi yao: abiria akisitasita kidogo, mmoja humpokonya mzigo na kukimbia nao hadi kwenye gari lake, kwa kuwa mwenye mzigo hana budi kufuata. Sasa hawa walikuwa wawili na mkoba ni mmoja. Kila mmoja alikamata upande wake, na mama, ambaye hajawahi kuachilia kitu chake tangu azaliwe, alikuwa katikati ameshikilia kamba.

"Thika mbio, shosho! Gari ni hii!"

"Wachana na shosho wangu, wewe!"

Wakavuta. Mama akaanguka kwa goti juu ya kokoto, na nikasikia ule mguno wa mzee anayeumia asitake watu wajue ameumia.

Hasira zangu haziko mbali. Nilimzaba yule wa karibu kofi hadi kofia yake ikaruka. Akanirudishia ngumi ya bega iliyonifanya niyumbe. Wenzake wakaanza kujongea, wengine wakicheka, wengine wakiwa wamekunja mikono ya mashati. Hapo mwanamume mmoja akashuka kwenye pikapu kuukuu iliyokuwa imezibiwa njia na fujo yetu. Alikuja na maneno ya upole, "jameni, jameni, huyu ni mzazi," na kabla hajamaliza sentensi akapigwa kichwa cha mdomo. Akatema damu, akapangusa ndevu, akamwinua mama kwa makwapa na kumweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake.

"Ingia na wewe," akaniambia. "Naenda Thika. Lakini usikanyage mayai."

Pikapu ilijaa trei za mayai hadi juu, nyingine zimepangwa miguuni petu. Yule bwana alikuwa Mkamba, mchuuzi wa mayai. Huyachukua kwa wafugaji wa kuku wa upande wa Ruiru, huyauza Thika, kisha huendelea na yanayobaki kwenye barabara ya Garissa, duka kwa duka, hadi kwao. Alitusimulia hayo huku mdomo umevimba na jino moja linacheza. Alikuwa mtu wa kucheka. Alisema hata hajui jina la mama na tayari ameshamwaga damu kwa ajili yake, je, wakijuana itakuwaje? Mama naye akacheka hadi akasahau goti.

Alipotufikisha mjini, mama alikataa kushuka kabla hajamwombea. Alimwekea mkono begani, akafumba macho, akaomba kwa Kikuyu, ombi refu la kina mama wa kanisa ambalo huanzia kuumbwa kwa ulimwengu. Magari yalipiga honi nyuma yetu. Yule bwana hakuelewa hata neno moja, lakini alisema amina, akaenda zake na mayai yake.

Nilidhani hayo ndiyo yaliyokuwa mabaya ya siku hiyo, na kwamba tumeshayamaliza.

Mama aliipenda Thika kwa sababu ndiko alikokuwa msichana. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kabla sijazaliwa, akaishi chumba cha kupanga katika mtaa wa Landless. Nilitaka anunue rinda, ale samaki, apite mbele ya ule mlango wa zamani, basi. Nilitaka acheke. Tangu mwanzo wa mwaka nyumba yetu ilikuwa imekufa ganzi kwa sababu ya ndugu yangu.

Ndugu yangu ni kitindamimba, mwendesha bodaboda huko Juja, hubeba wanafunzi. Jina lake ni la baba yake mama, kama desturi yetu inavyotaka, na kwa hiyo mama amemwita "baba" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwanzoni mwa mwaka alimpiga mkewe hadi akamvunja mkono. Mama hakutuma mtu. Alikwenda Juja mwenyewe, akamchukua mkaza mwanawe na watoto, akawaleta kwetu Ruiru. Ndugu yangu alikuja akasimama barabarani na kupiga kelele majirani wote wasikie kwamba yeye hana mama. Tangu siku hiyo hakupiga simu. Mama hakumtaja, lakini kila simu ilipolia aliiangalia kwanza kabla ya kuuliza ni ya nani. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mwanawe arudi, na hangeweza kumwita kwa sababu kumwita kungekuwa kusema kwamba ule mkono haukuvunjwa.

Rinda tulilipata sokoni, la buluu, nje ya kibanda cha nguo za mitumba. Tulipokuwa tunalipima kwenye mwili wake, mwanamke mmoja mnene alisimama mbele yetu akamkodolea mama macho. Kisha akavuta mkono wa blauzi hadi juu na kumwonyesha kovu la meno, duara zima.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Mama akaliangalia lile kovu. Akauangalia na ule uso. "Atĩ hujakufa?" akasema, na wakakumbatiana katikati ya njia wakilia na kugongana vichwa kama mabeberu.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja kiwandani, na siku moja walipigana kwa sababu ya kijana mmoja wa idara ya rangi, ambaye nilikuja kugundua katikati ya hadithi kuwa ni marehemu baba yangu. Mama alimng'ata mwenzake mpaka msimamizi akawamwagia wote wawili maji. Miaka yote hiyo hawakuonana, na leo wanakutana kwenye rinda la mtumba! Yule mwanamke hakutuachilia. Bado alikuwa akikaa Landless, na chai lazima tunywe kwake. Tukalipia rinda, tukaenda, mama akalivaa huko huko, tukanywa chai na viazi vitamu, nikasikia mambo ya mama ambayo mtoto hafai kuyasikia. Nilikuwa na furaha sana. Nakumbuka nikijiambia kwamba Mungu akitaka kukutanisha watu anajua njia.

Njia zake siku hiyo zilikuwa bado hazijaisha.

Tulitoka jua likiwa bado kali, tukitembea kuelekea barabara kuu ya Garissa. Tulisikia breki, kisha mlio wa bati, kisha kitu kama mvua ya kokoto. Halafu honi moja ya pikipiki ikaanza kulia bila kuachiliwa, ikadakwa na nyingine, na nyingine, hadi Landless yote ikawa inalia.

Sina haja ya kumweleza mtu wa huku maana ya honi hizo. Gari likimgonga mwendesha boda, wenzake huitana hivyo, na hawaji kupima barabara. Wanakuja kuchoma. Hawaulizi aliyekosa ni nani. Aliyekosa ni mwenye magurudumu manne.

Tulipofika, walikuwa wameshalizunguka gari, na lami yote ilikuwa njano. Nilifikiri ni rangi. Kisha nikaona trei, nikaona maganda, nikaona vijana wakiteleza kwenye ute na kuinuka wakizidi kukasirika, na ndipo nikaiona pikapu. Yule bwana wa asubuhi alikuwa ndani amejifungia. Kioo cha upande wake kilikuwa kimeshavunjwa kwa helmeti, na mikono ilikuwa inaingia na kutoka pale dirishani, inampiga, inamvuta nywele, inampiga tena. Sikusikia akipiga kelele. Nilisikia tu vishindo, vile vya mtu anayetwangwa nyama ikiwa bado iko juu ya mifupa.

Aliyegongwa, ambaye kila mtu alikuwa anampigania, alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa mtaro, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikuwa ametokea kichochoroni upande usio wake, hilo alilisema mwenyewe baadaye. Alikuwa anaomba maji. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpa maji. Nilimvulia leso yangu, nikamfunga mguu, na nilipoinua kichwa nikamwona ndugu yangu.

Hakuwa na kazi Landless. Stegi yake ni Juja. Alikuwa amemleta mwanafunzi mmoja kwa shangazi yake, mteja wa mara moja tu, akasikia honi, akafuata honi. Hakumjua aliyegongwa wala aliyegonga. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, amechomoa mpira wa mafuta, anakinga petroli kwa chupa ya maji ya kunywa. Hakuwa na haraka. Alikuwa anaiangalia ile chupa ikijaa kwa utulivu wa mtu anayekamua ng'ombe.

"Nani ako na petroli?" mmoja akapaza sauti.

"Inakuja!" akajibu ndugu yangu.

Nilimwita kwa jina. Nililiita jina la babu yangu kwa nguvu zangu zote, na sauti yangu ikazama kwenye zile honi. Nikajitosa kwenye umati. Kiwiko cha mtu kikanipata puani, nikaona giza, nikajikuta nimepiga magoti kwenye mayai, damu yangu ikidondokea kwenye kiini cha yai. Nilitaka kuua. Nasema ukweli, kama ningekuwa na panga ningelitumia, na ningeanzia kwa wa tumbo moja nami.

Nilipomtafuta mama, nikamwona yuko mbele ya pikapu.

Sijui alipitaje. Labda walimwachia njia kwa sababu ya mvi. Aliweka mkoba wake chini kwenye lami, kitu ambacho sijawahi kuona akikifanya, akageuka akawatazama. Akasema kwa Kikuyu, bila kupaza sauti sana, "Wanangu, huyu nimemwombea leo. Mwacheni."

"Shosho toka hapo, utaungua!"

"Shosho, huyu ameua msee wetu!"

"Hajaua mtu. Yule pale anaomba maji. Nimesema mwacheni."

Mmoja akamshika mkono amsukume kando. Hapo ndipo mama alipoinama akashika pindo la rinda lake jipya kwa mikono yote miwili.

Kwetu, mwanamke aliyezaa akiwafunulia wanaume uchi wake kwa hasira, amewalaani. Hilo si tusi, ni hukumu. Wazee husema mwanamume aliyeona hivyo hafanikiwi tena, hapati watoto, mikono yake haishiki kitu. Na ikiwa miongoni mwao yuko aliyetoka kwenye tumbo hilo hilo, hukumu yake ni kubwa kuliko zote. Hata waliookoka, ambao kila Jumapili husema ya kale yamepita, hawasimami kutazama kama yamepita kweli.

Mwanamume mmoja wa makamo ndiye aliyeelewa kwanza. "Ngai! Musiangalie!" akapiga ukemi. "Geukeni! Geukeni!"

Sijawahi kuona wanaume wakikimbia namna ile. Walijifunika nyuso kwa helmeti, kwa jaketi, kwa viganja. Waligongana, wakaanguka kwenye ute, wakatambaa. Kijana mmoja alitoa simu apige picha, na mwenzake akampiga ngumi ya shavu, simu ikaruka mtaroni. Mikono ilitoka dirishani mwa pikapu. Honi zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Ndugu yangu alikuwa bado amechuchumaa. Aliusikia ule ukimya, akainua kichwa, chupa mkononi, ajue kwa nini watu wamenyamaza. Mama alikuwa ameshainua rinda hadi kifuani.

Niliona alivyoona. Chupa ilimtoka, petroli ikamwagika ikachanganyika na mayai. Alifungua mdomo na sauti iliyotoka haikuwa neno. Kisha akakimbia, si kuelekea stegi wala mjini, bali kwenye vichochoro vya Landless, akaiacha pikipiki ikivuja.

Mama alishusha rinda, akalinyoosha, akaokota mkoba. "Mtoeni huyo mtu ndani," akasema. Na wale wale waliokuwa wanamuua, wawili watatu, wakarudi vichwa chini, wakafungua mlango na kumtoa.

Aliishi. Tulimtembelea hospitalini, mkono kwenye plasta, jicho moja limefungwa, lile jino lililokuwa linacheza limekwenda na wenzake. Alimwambia mama siku nyingine amwombee kidogo kidogo, ombi lake lina nguvu kupita kiasi. Mama alicheka, lakini sikuliona jambo la kucheka na nilitoka nje nikasimama kwenye ukumbi. Hasira yangu ilikuwa haijapata pa kwenda.

Habari zilifika Ruiru kabla ya goti la mama kupona. Wazee wa kanisa walimwita. Nilimsindikiza. Mchungaji, kijana mwenye adabu, alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Alitaka kujua kama mama anajutia kutumia mambo ya giza, tena kuvua nguo hadharani, yeye mama wa kanisa.

"Hata Yesu alivuliwa nguo mbele ya watu," mama akamjibu. "Na alikuwa anaokoa wengi. Mimi nilikuwa naokoa mmoja tu."

Wakatuombea, wakatupa chai, wakatuacha tuende.

Kitu kilichonikaba mimi kilikuwa kingine. Mke wa ndugu yangu alipata salamu kutoka Juja kwamba mumewe amelala chumbani, hali chakula, haoshi uso, anasema mikono yake imekufa. Marafiki walimrudishia pikipiki, akakataa kuishika. Mimi nilijua sababu na nikanyamaza. Nilijiambia mama hakumwona. Macho yake yana ukungu, umati ulikuwa mkubwa, ndugu yangu alikuwa chini kando ya pikipiki. Nilijiambia aliwafunulia wanaume wa watu, na wa kwake akajikuta amesimama njiani kwa bahati mbaya. Bahati ndiyo iliyomleta Landless, bahati ndiyo iliyotuleta sisi. Nilimwogopea mama siku atakayojua. Nilifikiri itamuua.

Lakini siri ya namna hiyo inaoza ndani ya mtu. Alasiri moja alikuwa amekaa nje ya jikoni na ungo wa maharagwe, akitoa mawe. Nikakaa karibu naye.

"Maitũ," nikasema. "Siku ile Landless. Kuna mtu alikuwa pale."

Hakuinua macho. "Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Baba. Nilimwona kabla yako. Wewe ulikuwa unafunga mguu wa yule kijana. Mimi nilikuwa naangalia chupa yake ikijaa."

"Ulijua ni yeye? Ulijua ni yeye na ukainua?"

"Niliinua kwa sababu yake," mama akasema. "Hao wengine wako na mama zao."

Nikapandwa na hasira, nikamwambia angemwita, angemshika shati, angemlilia, chochote. Sijui hata niliyasema mangapi. Aliniacha nimalize.

"Wewe ulimwita," akasema. "Alikusikia? Laana iko na dawa, mwanangu. Wazee wanachinja kondoo, anaoshwa, inaisha. Lakini mtu akichomwa, wewe utamwosha na nini aliyemchoma?"

"Na asipokuja kuoshwa?"

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe.

"Basi nitakuwa nimempoteza mtoto," akasema. "Lakini sitakuwa nimezaa muuaji."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, kama kawaida yangu, nikamkosa. Mama akanisukumia ungo. Akasema nimalizie mimi, yeye hayaoni tena mawe.